Tiketi ya Watu Wawili

Mama mkwe wangu alikuwa amejifunika uso kwa leso na kugeukia dirisha, nami nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa treni nikitazama viatu vya kondakta. Vilikuwa viatu vyeusi, vimepigwa rangi vikapendeza, na nilivitazama kwa bidii kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

"Nauliza tena," kondakta alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Unamjua huyu mama?"

Swali dogo, lakini jibu lake lilikuwa na mbuzi ndani, na wazee, na miaka saba ya kupishana naye njiani kila mmoja akitazama kichaka cha upande wake.

"Namjua," nikasema.

"Mbona basi hamtazamani?"

Mashamba ya Ujerumani yalikuwa yakipita nje, kijani kibichi mpaka yanachosha. Juu ya kichwa cha mama mkwe, kwenye rafu, kiondo chake kilibeba chupa za asali zilizotakiwa kufika mezani kwa majaji kabla ya saa sita mchana. Na kondakta alikuwa ameshatuambia kwamba tusipoeleweka tutashuka kituo kinachofuata.

Mwaka ulikuwa 2008. Nilikuwa na saiba mjini Machakos, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta chache na printa moja yenye kiburi. Mke wangu, Linet, alizaliwa Kithyoko, kule karibu na mto Tana ambako jua halina adabu. Mama yake, Mumbua, alikuwa mjane aliyeachiwa mizinga ya magogo iliyotundikwa kwenye migunga. Kwa desturi yetu mizinga ni mali ya wanaume, na mwanamke hapandi mti kurina asali hata kama ndiyo inayolisha watoto wake. Yeye alipanda. Wakamsema mpaka wakachoka, kisha watoto wao waliozaliwa baadaye wakaanza kumsema nao.

Kilichomuuma si maneno ya majirani. Kilimuuma kidole cha dalali. Kila alipopeleka asali sokoni Tala, dalali alichovya kidole, akalamba, akakunja uso na kusema inanuka moshi, asali ya mwanamke hiyo, hajui kufukiza nyuki. Halafu aliinunua yote, kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo afisa wa kilimo alipompelekea habari kwamba asali yake imechaguliwa kushindanishwa kwenye maonyesho huko Ujerumani, mama mkwe hakuruka wala kupiga vigelegele. Aliuliza swali moja tu: hao majaji, huwa wanalamba kwa kidole au kwa kijiko?

Waandaaji walilipia safari ya watu wawili, mrina asali na mkalimani. Mkalimani alikuwa awe Linet. Lakini Linet alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alimwambia habari ya ndege aisahau. Akanitazama mimi. Mwanamume mwenye akili hambishii mke mwenye tumbo la miezi minane, nami nikajikuta nimekuwa mkalimani wa mtu ambaye sikuruhusiwa kumtazama.

Wakamba tunaiita nthoni. Ni heshima iliyowekwa kati ya mwanamume na mama wa mke wake: hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, mpaka siku mwanamume atakapotoa mbuzi mbele ya wazee. Vijana wengi wa mjini waliiacha zamani, na siku hizi utawaona wakiwakumbatia mama wakwe zao mlangoni mwa kanisa. Mama mkwe wangu hakuiacha hata kidogo. Nadhani aliona kwamba mwanamke aliyekwisha kupanda miti ya wanaume akilegeza na hili, watu watasema hana tena lililobaki. Mimi nilimheshimu kwa hilo, ingawa lilifanya chakula cha Krismasi kuwa kazi ngumu.

Tiketi ya treni ilikuja kwa barua pepe. Maelezo yalisema unaweza kuichapisha au kuiweka kwenye simu, yote ni mamoja. Nilikuwa naishi kwa kuchapisha karatasi za watu, lakini moyoni nilishahamia kwenye simu. Nikaiweka kwenye simu yangu ya rangi, ile picha ya mraba yenye vidoti vingi, na kila mteja aliyeingia saiba nilimwonyesha bila kuulizwa.

Habari zikafika jikoni, alikokuwa mama mkwe na Linet. Nilikuwa nimeketi nje ya mlango, nikisikia kila neno.

"Mwambie huyo bwana yako," mama mkwe alimwambia Linet, "gari la moshi halipandwi na picha. Simu ikianguka choo itakuwaje? Mimi niko na imani na kitu naweza kushika."

Linet akatoka na tumbo lake, akanirudia maneno yote, kama sheria inavyotaka.

"Mwambie mwaitu," nikajibu kwa sauti ya kufika jikoni, nikimwita mama kwa Kikamba kama inavyopasa, "simu yangu haijawahi kuanguka choo."

"Mwambie mambo yote huwa na siku ya kwanza."

Nikachapisha. Kushindana na mama mkwe kupitia kwa mjamzito si mchezo wa kushinda. Yeye akaichukua karatasi hiyo mpaka kwa mpiga picha wa stendi, ikapunguzwa ikawa sawa na kitambulisho, ikapigwa plastiki, ikatobolewa na kutiwa uzi, akaivaa shingoni ndani ya blauzi. Hapo hakuna mkwe angeweza kuiomba wala kuifuata.

Kwa hiyo tukasafiri, yeye na ya kwake kifuani, mimi na ya kwangu mfukoni. Kabla ya kupanda ndege nilimwomba dada wa kaunta atutenganishe, akanihurumia akidhani tumegombana. Uwanjani nilitangulia mbele, yeye akinifuata kwa mbali, na kila nilipofika kona nilikohoa ili ajue nimeelekea wapi. Stesheni ilikuwa kubwa kuliko soko la Tala mara nyingi, lakini tulikohoana vizuri mpaka tukalipata behewa letu.

Viti vyetu vilikuwa viwili, vimebanana dirishani. Nilivielekeza kwa kidole huku nikitazama dari, nikahakikisha ameketi, kisha nikaenda zangu mabehewa mawili mbele, nikasimama karibu na choo. Nilikuwa sawa kabisa pale. Kondakta alipokuja nilitoa simu kama bwana fulani, akaielekezea mashine yake, ikalia mlio mzuri.

"Watu wawili," akasoma.

"Mwenzangu yuko nyuma huko."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Nikajisikia fahari mpaka nikatafuta wa kumwambia, nikamkosa.

Haukupita muda mrefu akarudi kunigusa bega. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Nilipofika kwenye behewa letu nikaelewa kilichotokea. Mama mkwe alikuwa ametoa kadi yake kwa heshima zote. Kondakta aliigeuzageuza kwa sababu plastiki ilikuwa inameremeta, mwishowe mashine ikaisoma, na ikalia mlio mwingine, wa kukataa. Tiketi hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Kumbe ya simu na ya karatasi si tiketi mbili, ni moja tu iliyovaa nguo mbili, na sisi wawili tulikuwa tumeitoa kila mtu mahali pake. Akamuuliza kwa ishara kama yuko na mwanamume. Mama mkwe, mjane wa watu, mwenye heshima zake, alishtuka na kutikisa kichwa kwa nguvu.

"Mimi naona hivi," kondakta alisema. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Mtu mmoja ananunua, wa pili anapewa nakala. Tiketi hii ni ya watu wanaosafiri pamoja. Nyinyi majina ya pasipoti ni tofauti, mabehewa tofauti, na yeye anasema hakujui."

"Ni mama wa mke wangu."

"Vizuri sana. Basi keti naye."

Kiti kilikuwa kitupu, kinanitazama. Abiria waliokuwa wakisoma waliacha kusoma. Ningeweza kukaa, ni kweli. Ni kukunja magoti tu. Lakini kuketi pale bila ruhusa yake kungekuwa kumvua leso mbele ya watu, na yeye hakuwa na wa kumtetea katika nchi hiyo isipokuwa mimi.

"Siwezi," nikasema.

Kondakta akavuta pumzi. "Basi mtashuka."

Treni ya baadaye ingetufikisha mchana umeshapinduka. Nikaona kidole cha dalali. Nikamwona mama mkwe akirudi Kithyoko na chupa zilezile, na watu wakiuliza kwa upole ule wa kuudhi: hata kushindwa hukushindwa, ulichelewa tu? Nikageukia rafu ya mizigo, nikaiambia kwa Kikamba:

"Kuna mtu hapa anasema tushuke. Tukishuka, asali haitafika."

Leso haikutikisika.

"Hiyo saa sita," sauti ikatoka ndani ya leso, "ni saa sita ya kweli, au ni ya kikwetu?"

"Ni ya kweli, mwaitu."

"Na huyu mtu anataka nini?"

"Anataka kuona kama tunajuana."

Akainuka, akashusha kiondo mwenyewe, akapekua chini ya zile chupa za mashindano zilizofungwa kwa lakiri, na kutoa kichupa kidogo alichobeba cha kutilia chai. Akakifungua. Akashusha leso mabegani na kunitazama, machoni kabisa, nikaona mke wangu alikotoa macho yake.

"Nyumbani hii kitu inataka mbuzi na wazee," akasema. "Hapa sioni mbuzi. Shika."

Nikanyoosha kiganja. Akanimiminia asali, nikala mbele yake. Kisha akajimiminia kiganjani mwake kutoka kichupa kilekile, naye akala. Ilikuwa asali nyeusi, nzito, inayoanza kwa utamu na kumalizia kwa uchungu kidogo wa mgunga. Sikusikia moshi wowote.

"Sasa keti, mwana wakwa," akasema, akiniita mwanangu.

Nikaketi. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana na hakuna aliyeyasogeza. Macho yalinijaa machozi, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Kondakta alikuwa bado amesimama. Sijui alielewa nini. Labda aliona tu mama mmoja akimlisha mtu mzima kama mtoto wake, na hilo halihitaji mkalimani. Mama mkwe akamwelekezea kichupa. Akasita, akatazama huku na huku, akatoa mkono. Alilamba, akalamba tena pale palipobaki.

"Samahani," akasema, akagusa kofia yake na kwenda zake.

Tulibaki tumetazama mbele kama wanafunzi wapya. Baadaye mama mkwe akaitoa kadi yake shingoni, akaiweka pajani karibu na simu yangu, akazilinganisha.

"Ungeniambia tu ni kitu moja," akasema.

"Ningekuambia kupitia kwa nani?"

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa karibu. Kicheko chake kilikuwa kinene na kilimtikisa mabega. Nikacheka pia, mpaka abiria mmoja mwenye gazeti upande wa pili akatabasamu.

Tuliposhuka mjini tulikimbia mpaka kwenye maonyesho. Mimi nilibeba kiondo, yeye alishika sketi, na hakuna aliyekohoa. Mama wa mapokezi alikuwa ameanza kukusanya kalamu zake tulipoweka chupa mezani. Akatazama saa ya ukutani, akatutazama sisi na jasho letu, akaandika.

Majaji walitumia kijiko. Walikuwa wazee watatu wenye makoti meupe, waliinua asali kwenye mwanga, wakaionja, wakanywa maji, wakaionja tena. Mmoja akauliza inafukizwa na nini. Nikageuka, nikamuuliza mama mkwe ana kwa ana, akanijibu ana kwa ana: samadi kavu ya ng'ombe, kidogo tu, halafu unasubiri nyuki wakubali wenyewe, usiwalazimishe. Mzee aliandika kila neno, na alipomaliza akaomba nirudie lile la kusubiri.

Asali yake ilipotangazwa ya kwanza katika asali nyeusi, nilimwambia kwa Kikamba, kisha ikabidi nimwambie tena. Alipanda jukwaani polepole, akikanyaga kila ngazi kwa kuijaribu kwanza, kwa desturi ya mtu aliyezoea matawi. Aliulizwa kama ana la kusema. Akafikiri.

"Waambie, Tala wananunua hii na kidole," akasema.

Nikawaambia. Hawakuelewa, lakini walipiga makofi sana, nami nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na Linet analijua hilo, nilishamwambia.

Siku ya kurudi nilipanda treni nyuma yake, na mazoea yakanishika. Nikasimama mlangoni mwa behewa nikitafuta mahali pa kutazama. Yeye alikuwa ameshaketi dirishani. Akakiondoa kiondo kwenye kiti cha pembeni, akakipakata.

"Unangoja nini? Kuja."

Nikaja. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo picha."

Nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akainama kuichunguza, akaniuliza ikizima inawashwa wapi. Kondakta wa siku hiyo alikuwa mwanamke, kijana, na bado alikuwa mbali, anahudumia viti vya mbele, mama mkwe alipoiinua simu juu ili aione, na kwa mkono wa pili akanishika kwenye kiwiko.

"Wawili," akamwambia kwa Kiswahili. "Mimi na kijana yangu."