Sauti ya Watoto Tisini

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, daktari wa meno alibisha mlango wa darasa la Kiingereza la watu wazima, glavu zikiwa bado mikononi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa uso, na kliniki yake ilitenganishwa na darasa hilo kwa ukuta mmoja wa mbao.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Nina mgonjwa kwenye kiti. Nimemwambia apanue mdomo, akapanua. Nimemwambia asiongee, akakubali. Sasa wewe umeuliza anaitwa nani, naye akakujibu. Kwa Kiingereza. Na mashine yangu imo mdomoni."

Darasa zima likaangua kicheko. Dereva wa lori, aliyekaa karibu na mlango, alitaka kujua kama mgonjwa amejibu sawasawa.

"Kusahihisha Kiingereza si kazi yangu," daktari alisema. "Ila alijibu kwa moyo wote."

Mwalimu hakucheka. Aliomba radhi mara mbili, na radhi ya pili ilitoka kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Shule aliyotoka, katika nchi yake, alikuwa akifundisha watoto tisini na ushee ndani ya chumba ambacho kuta zake hazikufika kwenye paa. Kulia kwake walisoma hesabu, kushoto sayansi, na huko juu sauti zote zilikutana. Mwalimu aliyetaka kusikika ilibidi awashinde wenzake wawili, na mvua ikianza kupiga mabati, aishinde na mvua. Kwa miaka tisa aliishinda. Kengele ya shule ilipoibwa, mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta nyingine. Alimtuma yeye asimame uwanjani na kuita. Tangu hapo akabatizwa Kengele, na jina hilo likamfuata mpaka kwao.

Sasa, ng'ambo, alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, wote watu wazima, na aliyekaa mbali kuliko wote angeweza kupokea chaki kutoka mkononi mwake bila yeyote kuinuka. Kichwa chake kililijua hilo. Koo lake halikuwa limepata habari.

Mchana mkurugenzi wa shule ya lugha, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimwita ofisini. Hakuzunguka.

"Daktari si wa kwanza. Wanafunzi wawili wameomba kuhamia darasa jingine. Wanasema unafundisha vizuri, ila wanahisi wanagombezwa."

"Siwagombezi, mama."

"Najua. Hata sasa hivi hunigombezi, lakini mhasibu ameinuka kufunga mlango wake."

Mwalimu akatazama. Kweli mlango wa mhasibu, uliokuwa wazi alipopita, ulikuwa umefungwa.

"Ijumaa nitakuja kukaa nyuma ya darasa lako," mkurugenzi aliendelea. "Nikiweza kukaa kipindi kizima bila kutamani kutoka, nakuthibitisha kazini. Nikishindwa, muda wako wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi, na tunaagana vizuri."

Binti wa Mwalimu alikuwa na umri wa miaka saba na alikuwa amebaki nyumbani kwa dada wa Mwalimu. Sheria ya nchi hiyo ilimruhusu mgeni aliyethibitishwa kazini kumleta mtoto wake. Aliye kwenye majaribio haikumruhusu. Hilo Mwalimu alilisoma mwenyewe kabla ya kupanda ndege, akalisoma tena akiwa angani.

Mji wenyewe haukuwa umemtendea ubaya wowote. Alipanga chumba ghorofa ya tatu kwa mama mmoja mjane, ambaye siku ya kwanza alimwonyesha bomba la maji moto ni lipi na lipi linadanganya. Asubuhi yake alimkagua mlangoni, akarudi ndani, akatoka na koti la marehemu mumewe. Lilimfika Mwalimu kwenye vifundo vya miguu. Mama mwenye nyumba hakuongea Kiingereza, na Mwalimu lugha ya mji alikuwa nayo ya kusalimia tu, kwa hiyo namba ya basi aliandikiwa kwa kalamu kiganjani. Dereva wa basi alikisoma kiganja, akamkalisha nyuma yake, na kumshusha mlangoni pa shule mahali ambapo hapakuwa na kituo. Alifika bila kujuana na mtu hata mmoja, na bado hakuwahi kulala na baridi wala kupotea njia. Akiyakumbuka hayo alikuwa akijiambia kwamba deni alilo nalo kwa watu hawa ni la kufanya kazi vizuri, basi.

Jumanne aliamua kunong'ona. Wanafunzi wakaanza kuinama mbele kama watu wanaosikiliza redio yenye betri zinazokata roho. Mwanamke mwenye tanuri la mikate, ambaye hakujua kunyamaza na jambo, aliinua mkono.

"Mwalimu, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi tuambie kama mtu aliye hai."

Akapandisha sauti kidogo. Hakuwa na kidogo. Ilitoka yote, na kule ng'ambo ya ukuta kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

Jioni alipiga simu nyumbani, ameketi kitandani, koti la marehemu likiwa magotini. Binti yake ndiye aliyepokea.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Najifunza kuongea taratibu."

"Mama mkubwa anasema hutaweza."

"Mpe simu mama yako mkubwa."

Dada akaichukua simu huku akicheka, lakini alipoelezwa habari ya Ijumaa kicheko kikamwisha. Akauliza:

"Wewe Kengele, sasa hivi umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Ndiyo maana nakusikia kama binadamu. Tangu utoto uko hivyo hivyo, mdogo wangu. Ukikaa unakuwa mtu. Ukisimama unakuwa mkutano wa hadhara. Basi fundisha umekaa."

"Dada, mwalimu gani anakaa darasani?"

"Anayetaka mtoto wake."

Alikotoka, kiti cha mwalimu kilikuwa cha kuwekea vitabu. Mkaguzi akikukuta umekikalia, taarifa yake ilianza na uvivu na kuishia na uvivu. Katika miaka yote tisa hakuwahi kufundisha ameketi, hata siku alizokuwa na mimba ya miezi minane. Lakini ushahidi ulikuwa upo: alikuwa amezungumza kwenye simu robo saa nzima, na mama mwenye nyumba, ambaye Jumatatu usiku aligonga dari yake kwa ufagio kutoka ghorofa ya chini, leo hakugonga.

Jumatano, kabla ya kipindi, aliingia kliniki.

"Meno?" daktari aliuliza.

"Hapana. Ukuta."

Akamweleza. Kesho angejaribu kufundisha ameketi, na alihitaji mtu wa kumwambia anapojisahau, kwa kuwa yeye mwenyewe hajisikii. Daktari alikubali kugonga ukutani mara moja kwa mpini wa kioo chake cha kukagulia meno kila sauti itakapovuka.

"Na wagonjwa wako? Nimewasumbua sana."

"Wagonjwa wangu?" Daktari akavua miwani kuipangusa. "Yule wa Jumatatu kaniambia hakusikia maumivu. Alikuwa anasubiri mwenzake ajibu swali lililofuata."

Alhamisi viti vilipangwa duara na Mwalimu akaketi kimoja. Magoti yalimwasha. Kila alipopata la kueleza alijikuta yuko wima, mkono hewani, na ukuta ukagongwa. Mara ya tatu dereva wa lori alimnyooshea kidole kiti chake bila neno, kama polisi wa barabarani. Kufikia mwisho wa kipindi mwenye mikate alikuwa ameshika pindo la koti la Mwalimu ili asiweze kuinuka. Wale wawili waliotaka kuhama walicheka kuliko wote.

Ijumaa mkurugenzi aliingia kabla ya wanafunzi, akachagua kiti cha kona, akatundika miwani puani. Mwalimu aliwasalimu wanafunzi akiwa ameketi. Sauti ilitoka ya chumba, si ya uwanja.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuzungumza na mtu wa mbali kwenye simu. Babu mmoja mstaafu, aliyejiandikisha kwa sababu mjukuu wake alizaliwa nchi ya Kiingereza na hakujua lugha nyingine, alikuwa hajawahi kumaliza sentensi mbele ya wenzake. Dereva wa lori alijifanya mjukuu. Babu alishika kiatu sikioni badala ya simu. Akamwambia mjukuu kwamba yeye ni babu yake, kwamba ana bustani, kwamba atamwonyesha sungura wake wawili na mmoja atampa awe wake. Hakukwama popote.

Mwalimu aliruka wima. "Vizuri sana, babu!" alisema, kwa sauti ya watoto tisini.

Ukuta ukagongwa.

Mkurugenzi alishusha miwani. "Nani huyo?"

Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu aliketi.

"Ni daktari wa meno, mama. Nilimwomba. Nikipaza sauti ananigongea."

"Mmekubaliana?"

"Tangu juzi."

"Na wao?" Mkurugenzi aliashiria darasa.

"Sisi tunamkalisha," alisema mwenye mikate, na akauonyesha mkono wake, ambao ulikuwa umeshika pindo la koti.

Mkurugenzi aliipandisha tena miwani.

Kipindi kilikwisha saa tano. Saa tano na robo mkurugenzi alikuwa bado ndani, amesogeza kiti chake kwa babu, anamuuliza habari za sungura. Alipoinuka alimwambia Mwalimu amfuate ofisini. Mlango wa mhasibu ulikuwa wazi, nao walipopita haukufungwa. Karatasi ya kuthibitishwa kazini ilitiwa saini mbili, ya mkurugenzi na ya Mwalimu.

Alirudi darasani kuchukua vitabu. Hapakuwa na mtu. Alipiga simu akiwa amesimama, dirisha likiwa mgongoni mwake.

"Dada! Wamenithibitisha! Mfungashie mtoto nguo!"

Ukuta ukagongwa mara tatu, haraka haraka kama makofi. Makubaliano yao yalikuwa mara moja.