Bonyeza Kitufe Chochote

"Panya wa Tukuyu siku hizi wana bisibisi?"

Fundi Andongwisye aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya steshenari, kurunzi mkononi, akichungulia tumbo la kompyuta lililoachwa wazi. Juu ya meza skrini ilikuwa nyeusi tii, na mstari mmoja wa Kiingereza ulitangaza kwamba hakuna diski yoyote iliyoonekana.

"Sikusema panya wana bisibisi," Tupokigwe alijibu. Alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Nimesema jana uliondoka hapa ukijisifu umemaliza, na leo asubuhi mashine haiwaki. Kama si mkono wako, basi ni panya. Chagua mwenyewe."

"Jana iliwaka, mama. Ulichapa ukurasa mzima mbele yangu. Ukanipa na ndizi."

"Ndizi nilikupa kabla sijaijua kazi yako."

"Basi inama uone." Fundi alimulika. Ndani, diski mbili zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama matofali ya kuchoma, zikiwa zimeunganishwa na waya mmoja mpana wa kijivu. "Hii ya juu ndiyo mpya niliyokuletea kutoka Mbeya. Nimeiweka iwe ya kwanza, maana ndiyo yenye nguvu, ndiyo ya kuiamsha mashine. Hii ya chini ndiyo kuukuu. Jana nilichomoa kijipini chake hiki cheusi, nikakihamishia nafasi ya pili, ili ifuate nyuma, tuweze kuyasoma yaliyomo bila kuichosha. Leo kijipini kimerudi nafasi ya kwanza. Sasa mashine ikiamka inauliza, mkubwa wa hapa ni nani? Zote mbili zinaitika. Inachanganyikiwa, haimsikilizi hata mmoja. Mafahali wawili, mama Tulia—"

"Usiniletee methali. Niletee mashine."

"Nani amekihamisha?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri, ile mvua ya Tukuyu isiyokuja wala kuondoka, inayokaa tu kama mgeni asiye na kwao. Tupokigwe alitazama vidole vyake. Kwenye ncha ya kidole gumba kulikuwa na mkwaruzo mdogo mwekundu, mahali bisibisi ilipoteleza.

"Mimi," alisema. "Umeuliza, nimekujibu. Yaishe."

"Kwa nini, mama?"

"Mkubwa hashushwi."

Fundi alizima kurunzi. Alikuwa kijana wa kutoka Kinyala, amekulia katika nyumba ambamo mtoto hakai kwenye kigoda cha baba hata baba akiwa safarini. Alielewa nusu ya neno lile. Nusu nyingine ilikuwa ya Tupokigwe peke yake.

Mumewe, Anosisye, alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha chai mpaka kilipouzwa kwa wamiliki wapya na watu wakapunguzwa. Wenzake walirudi nyumbani na kiinua mgongo wakanunua ng'ombe, wengine mashine za kusaga. Anosisye alishuka kwenye basi la Mbeya amekumbatia sanduku la kijivu. Watu walicheka hadi machozi. Mzee mmoja wa kanisani alimuuliza kama lile sanduku hukamuliwa asubuhi au jioni. Tupokigwe hakucheka. Alikuwa na stashahada ya uhazili kutoka Tabora na vidole vilivyozoea taipureta, na alipoona herufi zikifutika bila kifutio alijua kwamba dunia imepiga hatua na wao wamebahatika kuishika mkia. Wakakodi chumba karibu na stendi. Yeye akachapa, mume akawa mtu wa kufungua na kufunga, kuunga waya, kusoma vitabu vya Kiingereza vyenye michoro huku midomo ikimchezacheza.

Asubuhi moja Tupokigwe aliwasha kompyuta akakuta haiendelei. Skrini ilibaki nyeusi, na maneno meupe yakatokea, na salamu ya Kinyakyusa mbele:

Mwaghonile, mama Tulia. Umekunywa chai? Bonyeza kitufe chochote.

"Huu ndio ujinga gani?" aliuliza. "Unapoteza umeme wa watu."

Anosisye, aliyekuwa mlangoni akijifanya anafagia, alicheka mpaka ufagio ukamtoka mkononi. "Jibu kwanza. Ukiamkiwa, unaitika. Haitafungua mpaka uitike."

"Ndaga," alisema kwa hasira, neno lao la kuitikia na la kushukuru, akabonyeza, na mashine ikafunguka.

Masika yaliyofuata Anosisye aliugua figo, na kabla mahindi hayajakomaa wakamzika kijijini Masoko, kwenye migomba ya baba yake. Tupokigwe alirudi dukani. Aliwasha mashine. Ikamwamkia. Ikamuuliza habari ya chai. Kisha ikasubiri, kama ilivyozoea, bila kuhema, bila kumharakisha. Ingeweza kusubiri mpaka jioni. Siku ile alikaa kwenye kiti akiitazama kwa muda ambao hakuupima. Baadaye akasema, "Ndaga," akabonyeza.

Tangu hapo hakuna aliyemwamkia kabla ya mashine ile. Tulia, mtoto wake wa pekee, alikuwa Dar es Salaam kwa kazi, na simu zake zilikuja kwenye kibanda cha jirani, fupi, zenye kelele za mji nyuma yake. Nyumbani kulikuwa na paka. Watu wa sokoni walimheshimu kwa namna wanavyoheshimu mbwa mkali: kwa kupita mbali. Alikuwa mtu wa maneno makavu tangu ujana, na zamani Anosisye ndiye aliyetembea nyuma yake akiyalainisha. Sasa maneno yalibaki palepale yalipoangukia.

Ila diski nayo ilikuwa imechoka. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo uliila polepole. Ilianza kukwaruza kama mtu anayesaga meno usingizini. Baadaye ikawa inameza kazi za watu. Ilimeza barua za ushirika. Ilimeza kadi za harusi, bibi harusi akalia papo hapo. Ndipo Tupokigwe alipomwita fundi, diski mpya ikaja, na jana, fundi mwenyewe akiiwasha, kila kitu kikaenda sawa. Leo asubuhi alipowasha, mashine ilifunguka mara moja, yenye rangi, yenye kazi, kama mtumishi mpya anayetaka kuonekana hodari. Haikumwamkia. Haikusubiri.

Aliizima. Akachukua bisibisi ya marehemu kwenye droo.

"Mama," Andongwisye alisema sasa, sauti imeshuka. "Kama ni yale maneno ya mwanzo, niliyaona. Ni kitu kidogo. Nitayaandika kwenye hii mpya. Herufi kwa herufi. Hutajua tofauti."

"Nani atakuwa ananiamkia? Wewe?"

"Si mimi, mama. Maneno ni yaleyale."

"Maneno ni yaleyale," Tupokigwe alirudia. Akacheka kicheko kisicho na meno. "Hata koti lilikuwa lilelile."

Fundi hakuelewa, na Tupokigwe hakumweleza. Baada ya matanga, ukoo ulikuwa umekaa Masoko, ndizi na nyama zikaliwa, na Rubeni, mdogo wa marehemu, akaingizwa ndani akatoka amevaa koti la kahawia la Anosisye, lile lenye kiraka kwenye kiwiko. Wazee wakamwita kwa jina la kaka yake. Wakamwambia Tupokigwe, huyu ndiye Anosisye, mwitikie. Ilikuwa desturi, na haikuwa na ubaya. Ilikuwa namna ya kusema nyumba haikubomoka. Rubeni mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye aibu, mikono yake ikipotea ndani ya mikono ya koti. "Mwaghonile," alisema. Kila mtu akangoja. Tupokigwe alimtazama yule mtu ndani ya koti, akasema, "Rubeni, koti hilo lina baridi kwenye kiwiko, kalishone vizuri," akabeba mfuko wake akaenda kutafuta gari. Ukoo haukusahau. Tangu siku ile, kila Tupokigwe aliposikia mtu wa Masoko amefika mjini, alijua hatabisha hodi kwake.

"Kwa hiyo nifanye nini?" Andongwisye aliuliza. "Nirudishe hii kuukuu iwe ya kwanza? Nitairudisha. Itaamka leo, labda na kesho. Kesho kutwa itakufa na kazi za watu tumboni. Au ikae ya pili, ipumzike, na yote yaliyomo yawepo. Lakini zote mbili haziwezi kuwa za kwanza. Hilo hata Ulaya haliwezekani."

"Nenda kanywe chai," alisema Tupokigwe.

"Mama, nimeacha kazi Mbeya—"

"Nimekufukuza kwa heshima, mwanangu. Usingoje nikufukuze kwa njia nyingine."

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akakusanya vifaa. Mlangoni aligeuka. "Kijipini unakijua kilipo," alisema. "Chomoa umeme kwanza." Akainua kola ya shati akaingia mvuani.

Tupokigwe alikaa. Kwenye rafu karatasi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, na ukutani kalenda ya kanisa ilikuwa bado kwenye mwezi uliopita. Chai kwenye chupa ilikuwa ya moto bado. Alimimina kikombe, akakiweka pembeni ya kibodi, hakunywa.

Mlango ulisukumwa. Veronika, katibu wa kwaya, aliingia akikung'uta mwavuli. Chini ya kanga alikuwa ameficha daftari la nyimbo lisilowe.

"Mama Tulia, nyimbo zetu za Pasaka tayari? Wageni wa Kyela wanakuja, na mwalimu amekataa watu waimbe kwa kukisia. Mwaka jana besi waliimba ubeti wa tatu wakati sisi tuko wa pili. Aibu tupu."

"Ziko ndani ya mashine."

"Basi zitoe."

"Mashine haiwaki."

Veronika alitazama sanduku lililopasuliwa, nyaya zikining'inia. Akatazama kikombe kilichojaa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini sasa alichagua machache. "Kule ng'ambo ya barabara wamefungua wengine," alisema. "Mashine zao mbili, zote mpya. Sikutaka kwenda. Nilisema nianze kwako, maana marehemu ndiye aliyetukaribisha kwanza tuchapishe nyimbo hapa. Nisubiri, au niende?"

Lilikuwa swali jepesi. Lakini tangu Anosisye afe, mwanadamu aliye hai hakuwahi kumuuliza Tupokigwe kama amsubiri.

Alitazama skrini nyeusi. Alijua vizuri kilichokuwa kikimsubiri kule ndani, kikiwa tayari kusubiri siku zote mpaka kife: mstari mmoja mweupe, swali moja la chai, lisilojali kama jibu ni ndiyo au hapana. Kwa miaka hii yote hakuwahi kulijibu swali la chai. Alikuwa akiitikia salamu tu.

"Kaa hapo," alimwambia Veronika. "Hicho kikombe ni chako. Usimwage juu ya kibodi."

Alichomoa waya wa umeme ukutani. Akapiga magoti mahali fundi alipopiga magoti. Bila kurunzi ilibidi apapase kwanza, ubaridi wa chuma, kisha vumbi laini la nyuma ya diski ya chini, vumbi ambalo labda lilikuwa na chembe za mikono ya mtu mwingine. Kijipini kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Alikibana kwa kucha, akakivuta. Kikang'ang'ania kidogo, kikatoka. Alikishikilia kwenye kiganja, akakitazama, akakiingiza nafasi ya pili. Kikatoa mlio mdogo, kama ukucha ukigusa jino.

"Unaijua kazi hii?" Veronika aliuliza juu ya kikombe.

"Nimeifanya leo mara mbili."

Alirudisha kava, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, hakuacha hata moja. Akachomeka umeme. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa Tabora, akabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Diski mpya ikazunguka kwa mvumo mwembamba. Chini yake ile kuukuu ikakwaruza mara moja, ikatulia. Kidole chake, kwa mazoea, kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Skrini ilipita weusi wake bila kusimama. Rangi zikaja. Mafaili ya zamani yakajipanga, moja moja, na nyimbo za Pasaka zikiwa miongoni mwake. Kwa mkono mwingine akaagiza zichapwe; printa ikaguna, ikaanza kuvuta karatasi.

"Ndaga," alisema Tupokigwe kwa sauti ndogo.

"Umesemaje?" Veronika aliuliza.

Mvua ilikuwa bado batini. Tupokigwe aliinua kidole kutoka kwenye kitufe ambacho leo mashine haikukiomba, akachukua karatasi ya kwanza ikiwa bado ya moto, akamnyooshea.