Mstari Mmoja Juu ya Chumvi

Mvua ikishanyesha kwenye uwanda wetu wa chumvi, mbingu huwa mbili: moja juu, nyingine chini ya miguu. Nazipenda mno siku hizo. Siku ile niliichukia. Mume wangu Eulogio alikuwa hajarudi na lori lake tangu jana yake, maji yamefuta njia, mawingu yameficha milima. Usiku wa pili kwenye baridi ile angekufa. Jirani yetu Primitivo alikuwa na gari, lakini mafuta ya safari moja tu.

"Nilimwona nikichunga llama," alisema mama mkwe, Saturnina. "Kalipita lile lori bovu lililotupwa, kashika njia ya kisiwa cha mawe."

"Mama, kaniambia mwenyewe! Anaanzia mafungu ya chumvi, kila kilomita mbili za magharibi, moja ya kaskazini. Kisiwa kinatoka wapi hapo?"

"Tangu uolewe hujawahi kunisikiliza."

"Na wewe tangu niolewe hujawahi kunyamaza."

Binti yetu Nayra, wa sekondari, alikuwa amechuchumaa akichora chini kwa kidole.

"Bibi, lori bovu liko wapi?"

"Toka mlangoni petu, kilomita nne magharibi, tano kaskazini."

"Kisiwa?"

"Kumi, nane."

"Sita kwenda, tatu kupanda. Mteremko nusu." Akaandika y − 5 = ½(x − 4). Mafungu yako kilomita tatu kaskazini mwa mlango wetu, kwa hiyo chini yake akaandika mstari wangu: y = ½x + 3. Niliona vitu viwili visivyopatana, kama mimi na Saturnina. Kisha akafungua mabano ya bibi yake, akaihamisha ile tano, na mstari wa juu ukageuka taratibu kuwa wa kwangu.

"Ni mstari uleule," akasema. "Mmeusema tofauti tu."

Primitivo aliufuata kwa dira. Tulielea juu ya mawingu, korongo wa waridi wakiruka chini yetu. Nikayafunika magoti ya Saturnina kwa blanketi langu, naye hakulitoa.

Mbele ya kisiwa tukaona malori mawili yamegusana magurudumu, moja kichwa chini ndani ya maji. Eulogio alikuwa amelala juu ya paa. Akainuka, midomo imekauka, akatutazama.

"Mama? Na Hilaria? Gari moja?" Akajilaza tena. "Basi nimeshakufa."

Mama yake akaangua kicheko, mimi nikalia.