Gari Lililotawanyika

Wiki mbili kabla hajafariki, mume wangu alifumbua macho, akatazama dirishani kule uani, akaniambia, "Mke wangu, lile gari ni zima. Limetawanyika tu."

Nikamwambia, "Sawa, baba, pumzika." Nikampangusa jasho, nikaendelea na uradi wangu. Nilijua ni homa inayosema. Gari lenyewe lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina matairi, na ukifunua boneti unaona mapengo mpaka mchanga wa chini. Uzima gani huo?

Miaka mitatu imepita na maneno yale hayakunitoka. Nikiwa kwenye cherehani yanakuja. Nikishamaliza sala, kabla sijakunja mswala, yanakuja. Kama yalikuwa ya homa, basi. Lakini kama yalikuwa na maana, mimi nilimwambia mtu mwenye akili zake apumzike.

Mwaka huu mwanangu, ambaye anapaka rangi nyumba za watu na mkewe ni mjamzito, akataka kujenga chumba pale uani. Hakusema kwa ubaya.

"Mama, gari litoke. Litoke lenyewe au litoke kwa lori la chuma chakavu, mimi sichagui. Nimeshaongea na Sumaku, anakuja Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia, "Basi mpaka Jumamosi ni langu."

Akacheka. "Ni lako, Mama. Ukiliendesha nitakuwa konda."

Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Hao wawili walikuwa na gereji moja kwa miaka ishirini. Ni mnene, akiinama kwenye injini hupumua kama anayepanda ngazi. Alizungusha chuma fulani kwa spana kubwa, akasikiliza, akanyanyuka.

"Injini haijashika, shemeji. Inazunguka vizuri. Matairi nitaazima gereji. Ila kuna vitu vitatu havipo: pampu ya mafuta, kabureta na distribyuta."

"Kila kimoja kazi yake nini?"

Akanitazama, maana miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. "Pampu inavuta mafuta kwenye tangi. Kabureta inayachanganya na hewa. Distribyuta inagawa moto kwenye plagi nne, kila moja kwa zamu yake."

"Kama mwalimu anayegawa madaftari."

"Hapo hapo. Akikosea zamu, darasa zima fujo." Akafuta mikono. "Lakini dukani usihangaike. Gari hili waliacha kulitengeneza kabla mwanao hajaota meno. Tutafute mwenzake aliyekufa, tumnyofoe."

Mwenzake aliyekufa alikuwa kwa nani? Kwa Sumaku yule yule. Ni mfupi, mwenye sauti, na shingoni amening'iniza sumaku kwa kamba, maana kila anacholetewa lazima akipime kama ni chuma kweli. Aliponiona mlangoni akapiga makofi.

"Bi mkubwa! Jumamosi umeiona mbali, umenifuata mwenyewe?"

"Nimekuja kunyang'anya, sikuja kutoa."

Akatupeleka nyuma, kati ya mafriji na vitanda vya chuma, mpaka kwenye gari dogo lililooza milango, lakini taa zake zile zile za duara, kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kwenye siti ya dereva kulikuwa na kuku amelalia mayai.

"Msimsumbue huyo, bado siku tano aangue," akasema Sumaku.

"Sina shida na kuku. Nina shida na gari."

"Gari ni lake sasa. Mwombe yeye."

Shemeji akafungua boneti polepole, kuku akatukodolea jicho moja. Kabureta haikuwepo. Pampu imeliwa na kutu. Distribyuta ipo. Nami nikainama nione huyo mwalimu wa madaftari anafananaje. Nikaona uzi.

Lazima niseme habari ya uzi. Marehemu hakwenda shule. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Kwa hiyo akifungua kitu hakuandika namba, alifunga uzi wenye vifundo: waya wa kwanza kifundo kimoja, wa pili viwili, mpaka wa nne. Kwenye magari ya wateja alitumia uzi wowote aliouokota. Lakini vitu vya gari letu, ili visichanganyike na vya watu pale gereji, alivifunga kwa uzi wangu wa zambarau. Nashona sare za shule, na kuna shule moja tu yenye sare za rangi hiyo. Uzi wake huuagiza kwa bunda, na mtaa mzima hakuna mwingine mwenye nao.

Na hapa, kwa Sumaku, mbele ya kuku, waya nne: kifundo kimoja, viwili, vitatu, vinne. Zambarau.

"Shemeji," nikasema, "uzi wangu umefikaje huku?"

"Uzi ni uzi, shemeji."

"Huu nimeukata mimi kwa meno."

Akawa anafungua nati ambayo ilikwisha kufunguka. Nikamuuliza Sumaku gari lilikuwa la nani, akasema la mwenye duka mmoja aliyehama. Akatupa distribyuta na waya zake, hakutaka kitu. "Jumamosi nitachukua gari zima," akasema, "hii mnaiazima tu."

Njiani nikawa napiga hesabu. Funguo za gereji walikuwa nazo watu wawili. Mmoja nimemzika. Mwingine alikuwa anatembea mbele yangu na distribyuta imefungwa kwenye gazeti. Vitu vya gari letu vimeingiaje kwenye magari ya watu? Alasiri ile nilirefusha sijida, nikamwomba Mola aniepushe na dhana mbaya. Nilipotoa salamu, dhana bado ipo.

Gari la tatu la aina ile lilikuwa hai, la Bibi Mkunga, ambaye amestaafu hospitali lakini hajastaafu kuitwa. Nilipomtaja, shemeji akasema, "Yule hawezi kukupa kitu, analitumia." Alivyosema haraka ndivyo nilivyozidi kutaka kwenda. Jumatano tukaenda.

Bibi Mkunga ni mrefu, mkavu, amesimama wima kama mwiko. Alifungua boneti mwenyewe, akaitegemeza kwa fimbo. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Kwenye kabureta, uzi wa zambarau. Kwenye pampu ya mafuta, uzi wa zambarau.

"Bibi, naomba usinielewe vibaya," nikasema. "Hivi viwili ulivipata kwa nani?"

"Kwa mumeo, mwanangu. Hukujua?"

Shemeji akaangalia viatu vyake.

"Nilikuwa na mzazi siti ya nyuma," akasema Bibi Mkunga, "chupa imeshapasuka, na gari likanizimikia mbele ya gereji yao. Kabureta imekufa. Mumeo hakuniuliza swali. Akaenda kwenye gari lake, akafungua ya kwake, akaja akafunga kwangu. Yule mama akapiga kelele, naye mumeo akawa anamwambia, 'Vumilia dada, bado nati mbili.' Mtoto akazaliwa kitandani kama watoto wa watu. Pampu ni mwaka uliofuata. Ndiyo ilikuwa kawaida yake: nipe mbovu, chukua nzima. Kwangu, kwa yule mwenye duka, kwa kila aliyekuwa na gari kama lake."

"Na hizo mbovu?"

"Nilimuuliza. Akasema atazitengeneza taratibu, gari lake halina haraka. Nikamwambia zitapotea gerejini. Akacheka. 'Hazipotei, Bibi. Nimeziweka mikononi mwa mtu asiyepoteza kitu.'"

Nikamtazama shemeji. Akatikisa kichwa: si yeye.

Bibi Mkunga akasema, "Kama mnavihitaji ni vyenu. Fungueni." Hakusema kwa kinyongo. Shemeji akatoa spana mfukoni, akaningojea.

Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi inakuja. Vitu viwili nilivyokuwa navitafuta viko mbele yangu, vina uzi wangu. Nikachungulia siti ya nyuma. Kulikuwa na shuka safi limekunjwa pembe kwa pembe, beseni, na taulo mbili.

"Rudisha spana, shemeji," nikasema.

Tulipofika kona ya kwanza nikasimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kaka alinikataza. Alisema ukijua utamwona mjinga. Wewe mwenyewe ulisema mbele yangu, gari hili litakwisha kutengenezwa siku ya kiyama."

Nilisema. Tena si mara moja. Nikamwambia, "Nilikudhania mwizi tangu juzi. Nisamehe."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unanitazama mfukoni." Akacheka mpaka tumbo likatikisika, nami nikacheka, ingawa macho yaliniuma.

Lakini swali likabaki. Mtu asiyepoteza kitu ni nani? Nilimpitisha kila rafiki yake moyoni. Mmoja anapoteza hata kofia. Mwingine alihama. Usiku huo nililala nalo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na sare za kukata, shule zinakaribia kufunguliwa. Nikatandika kitambaa cha zambarau mezani, nikaweka karatasi ya kukatia juu yake, nikaikandamiza kona nne kwa vizito vyangu ili isisogee. Nikachukua chaki.

Chaki ikabaki hewani.

Vizito vyangu ni vinne. Marehemu aliniletea kimoja kimoja kwa miaka kadhaa, kila kimoja kimeviringwa matambara na kufungwa kamba. "Chuma tu," alisema, "usifungue, kina grisi kitakuharibia vitambaa." Nikavishonea mifuko mizuri. Kila siku ya Mungu nimevishika. Mimi, ninayeona mshono uliopinda wa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sikumngoja mtu. Nikafumua mfuko wa kwanza kwa ncha ya mkasi, nikakata kamba, nikafungua matambara, tambara ndani ya tambara. Ndani yake kabureta, inang'aa kama kijiko kipya. Ufa wake ulikuwa umezibwa, na alama ya kuzibwa imepigwa msasa mpaka ikalainika. Shingoni mwake, uzi wa zambarau.

Cha pili kilikuwa pampu ya mafuta. Cha tatu pampu ya maji, ambayo hatukuihitaji.

Cha nne kilikuwa tofali. Nikakumbuka: nilikuwa nimelalamika kwamba kona ya nne inapeperuka.

Nikakaa kitako na vitu vile mapajani, grisi ikaniingia kwenye nguo na sikujali. Ndipo nikakumbuka jioni moja, kabla hajaanza kuugua. Alikuja akasimama pembeni ya meza hii, akavitazama vizito muda mrefu. Nilikuwa na sare sitini za kukata.

"Una kazi navyo hivi?" aliniuliza.

"Sana," nikamjibu, bila kuinua kichwa.

"Basi," akasema, akaenda zake.

Mwanangu alinikuta hapo. "Mama, mbona umejipaka mafuta ya gari?"

"Mwite baba yako mdogo," nikamwambia. "Mwambie gari ni zima."

Ijumaa kutwa shemeji alifunga. Waya alizifuata kwa vifundo, nami nikamhesabia kimoja, viwili, vitatu, vinne, maana macho yake ya karibu si mazuri. Jumamosi asubuhi mwanangu akamimina mafuta, akaingia nyuma ya usukani. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili kimya. Shemeji akagongagonga kabureta kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi, akasema, "Tena."

Likawaka. Moshi mweusi ukajaa uani, mkwe wangu akakimbia na tumbo lake, na gari likatetemeka mahali pake kama mtu aliyeamshwa ghafla asiyejua yuko wapi. Nikasema Alhamdulillahi, nikasema na la pili kimoyomoyo, la mume wangu: Ulikuwa na akili zako. Nimesikia sasa.

Sumaku alikuta gari limetoka getini kwa magurudumu yake, limeegeshwa barabarani, na mwanangu anapima msingi wa chumba kwa kamba. Akashuka kwenye lori, akalizunguka, akaibandika sumaku yake kwenye boneti, ikanasa.

"Bi mkubwa, umenionea. Sasa nirudi na lori tupu?"

"Hukuja bure. Kuna kitu nataka kwako. Niletee vyuma viwili vizito, nikandamizie vitambaa. Pampu ya maji na tofali ninavyo."

"Vibovu?"

"Vibovu. Na uniambie kila kimoja kimetoka wapi, na kazi yake ilikuwa nini."

Alivileta baadaye mchana, viko mezani hapa ninapoandika. Safari hii sijavishonea mifuko.