Fidelis Amerudi na Mkungu wa Ndizi

Wanaosema sisi bendi ya Sumu ya Panya tumeokoka waje hapa Bigwa waniambie usoni, ndala ninayo mguuni na kuivua najua. Albamu yetu mpya imetoka, watu wameisikiliza, na kila kona ya Morogoro ni maneno: eti roki gani hii inakwenda taratibu kama watu wanapeleka sadaka altareni, eti Zuhura amelainika, eti zile kelele za zamani mmezipeleka wapi. Kelele hatukuzipeleka popote. Kelele zilikuwa za Fidelis, na Fidelis siku hizi ni mwanamke wa miaka hamsini mwenye shamba la pilipili manga. Kaa chini nikueleze.

Tulikuwa watatu. Mimi naimba na kupiga gitaa, Nasibu anapiga besi, na Fidelis alikuwa kwenye dramu. Alipiga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kila wimbo aliuanza kabla yetu na kuumaliza kabla yetu, halafu anakaa anatungoja huku anacheka. Nilimtukana kila siku iliyokuja. "Fidelis, mbwa wewe, umeingia mapema!" Naye anajibu, "Ninyi ndio mmechelewa kuzaliwa." Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu kuliko watu wote. Mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, pikipiki ilimwangusha kwenye kona za Kinole, akafa.

Kitu kimoja kilinishika nisiwe kichaa. Kabla ya ajali alikuwa amesharekodi dramu za albamu nzima, zikiwa kwenye kompyuta ya Nasibu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: mimi na Nasibu tupige juu yake, albamu itoke, na Fidelis awemo humo ndani anapiga, mzima kabisa. Nilitaka hicho tu. Mengine yote wangeniachia au wangechukua, nisingejali.

Sasa, kwetu Waluguru jina la marehemu halizikwi. Matanga yakiisha, ukoo wa mama unakaa na kuchagua wa kulirithi, na huyo mtu kuanzia siku hiyo ndiye yeye. Kama marehemu aliacha watoto, watamwita huyo baba, hata awe yuko darasa la tatu. Jina la mwanamume kwa kawaida huenda kwa mpwa. Fidelis alikuwa na mpwa mmoja tu, naye ni askari, yuko kambini Ngerengere, na siku hiyo alikuwa zamu. Wazee wakabishana mpaka pombe ikakauka, mwisho Mjomba Leonard, ndiye mkubwa wa ukoo, akasema jina liende kwa dada wa marehemu, Magdalena. Wengine wakaguna. Mjomba akasema anayeguna azae mpwa sasa hivi.

Sisi wa bendi tulikuwepo, tumekaa mkekani tunakula wali. Magdalena akaletwa mbele amevaa fulana ya Fidelis, ile yenye fuvu la kichwa, na chini kajifunga kitenge cha WAWATA, wale akina mama wa Kikatoliki. Mjomba akatugeukia: "Nanyi marafiki zake, mnampokea Fidelis?" Tukapiga makofi. "Tunampokea!" Ungejibu nini, na mdomo umejaa wali wa watu?

Jumatatu iliyofuata niko uani nafua, namwona Magdalena anaingia na mkungu wa ndizi kichwani, vijiti vya dramu kavichomeka kiunoni.

"Shikamoo, dada Magdalena," nikasema.

"Magdalena ndiyo nani? Na tangu lini unaniamkia shikamoo?" Akatua ndizi. "Fidelis ulikuwa unamsalimiaje?"

"Nilikuwa namtukana."

"Basi nitukane, tuanze mazoezi."

Jamani! Mwanamke kanizidi miaka ishirini, rozari shingoni, kasimama anasubiri nimwite mbwa. Niliangalia chini kama mwari. Nikamuuliza kama zile ndizi ni za kupika au za kuivisha. Akasonya, akaingia ndani, chumba chetu cha mazoezi, Nasibu akiwa humo na besi yake, na kukalia kiti cha Fidelis.

Kupiga anajua, nisimsingizie. Amepiga ngoma za kwaya kigangoni tangu usichana wake. Lakini mdundo wake ni ule wa kupeleka vipaji altareni: dum, anangoja bibi mwenye kuku apite, dum, anangoja mzee mwenye mkongojo. "Mwenye Nyumba Afe" ndio wimbo wetu mkali kuliko yote, na Fidelis aliumaliza kabla hujakohoa. Kwa Magdalena mwenye nyumba alikufa pole pole, akapakwa mafuta ya wagonjwa, akaagwa na ndugu wote. Nasibu, msaliti yule, akafumba macho na kuanza kutikisa kichwa.

"Zuhura," akasema, "huu uzito umeusikia?"

Nikamwambia uzito anao yeye kichwani mwake.

Nilidhani atachoka na ile safari ya kushuka kutoka kwao mlimani mpaka Bigwa. Thubutu! Kila Jumatatu huyo, na ndizi zake. Siku moja nikasema acha nimsikilizishe Fidelis wa kweli, pengine ataona aibu. Nikawasha kompyuta. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kaiweka magotini.

"Nimepiga vibaya," akasema. "Mbio za nini? Futeni, nitarudia zote."

"Aliyepiga hapo ni Fidelis," nikasema.

"Na Fidelis ni nani?"

"We mama, nisikilize vizuri. Yule mtu kilichobaki chake ni hiki. Gusa hiyo kompyuta uone."

"Umeniita mama?" Hakupandisha sauti. Alichukua vijiti vyake akaondoka, na Nasibu alikataa kunitazama jioni nzima.

Kesho yake nikapanda mlima kwenda kumshtaki. Mjomba Leonard nilimkuta anaanika karafuu. Nikamwamkia, nikamwaga yote, hata yale yasiyohusu.

"Ulimpokea, hukumpokea?" akauliza.

"Nilimpokea, mjomba, lakini nilikuwa nakula."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fidelis mwenyewe angefufuka leo akataka kurudia nyimbo zake, ungemkatalia?"

"Ningemtukana kwanza."

"Basi mtukane kwanza, halafu rudieni." Akainamia karafuu zake. Kesi imekwisha. Nilipokuwa naondoka akasema, "Pita kwa mama yao umsalimie. Hujafika siku nyingi."

Mama yao ni Bibi Prisca, nyumba yake iko chini kidogo ya kanisa. Kabla sijafika mlangoni nikasikia dramu. Fidelis! Nilidhani nimerukwa na akili. Nikachungulia. Bibi Prisca amekaa kwenye mkeka, simu kaiegemeza kwenye birika, na mbele yake kuna vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa cha kwake. Cha pili kilikuwa kimefunikwa kisosi ili kisipoe.

Magdalena alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani, akanivuta pembeni.

"Zile dramu za kwenye simu ulimtumia mama wewe, baada ya mazishi," akasema. "Ulikuwa na nia njema, sikulaumu. Lakini kila siku anaziwasha. Anasema Fideli wake yuko chumba cha pili anapiga, akimaliza atakuja kunywa chai. Chai inapoa. Halafu anaanza kulia upya, kama ndiyo kwanza wamemleta kutoka barabarani. Mimi nimepewa jina ili mama aache kungoja, Zuhura. Na nitamwachishaje, wakati yule wa kwenye simu anapiga vizuri kuliko mimi?"

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu hata mimi nilikuwa namngoja Fidelis kwenye kompyuta ya Nasibu vile vile, tofauti yetu ni kikombe tu. Nikamwambia tutarekodi upya, na tutarekodia hapa hapa kwa mama.

Wiki iliyofuata Nasibu alipandisha vyombo vyote kwa pikipiki mbili, analalamika kila kona. Tukavipanga sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Bibi Prisca akakaa mlangoni kwenye mkeka wake, birika pembeni, anamenya karanga kwenye ungo. Nyimbo za kwanza zilikwenda, taratibu na nzito, na nikaanza kuona Nasibu alichokuwa anakisikia. Gitaa langu lilikuwa limepata nafasi ya kunguruma mpaka mwisho. Mwanzoni niliona haya kulipenda.

Tukafika kwenye "Mwenye Nyumba Afe". Magdalena alikuwa anamtupia mama yake jicho kila mara, na jasho linamtoka. Mwanamke ambaye siku zote anachelewa, siku hiyo kwa woga akaingia kabla hata sijafungua mdomo. Nikajisahau.

"Fidelis, mbwa wewe, umeingia mapema!"

Nasibu akafumba macho, safari hii si kwa raha. Nimemtukana mama wa watu mbele ya mama yake, nyumbani kwao, chini ya Bikira Maria. Nikatafuta pa kuweka uso.

Ungo ukatikisika. Nikageuka, kumbe Bibi Prisca anacheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika, mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Mtukane, mwanangu, mtukane," akasema. "Ndivyo alivyo huyo. Hata tumboni mwangu alitoka miezi saba, mkunga bado yuko njiani!"

Kisha akamtazama Magdalena. Alimtazama kwa muda, ile fulana ya fuvu, vile vijiti, lile jasho. Akainua birika akajaza kikombe.

"Fideli," akasema, "acha hizo kelele kidogo. Njoo unywe chai, itapoa."

Magdalena akaviweka vijiti chini. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake, akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Bibi Prisca akachukua simu yake kwenye mkeka akaninyooshea.

"Huyu wa humu ndani mtoe sasa," akasema. "Apumzike, amepiga sana."

Niliishika ile simu. Kidole kilikataa, walahi. Nikamtazama Magdalena anamalizia chai na kupangusa mdomo kwa mkono wa fulana, kama alivyokuwa anafanya yule mshenzi, nikafuta.

"Na ile ya kwenye kompyuta?" Nasibu akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwenyewe alishasema anarudia," nikajibu. "Futa."

Magdalena akarudi kwenye dramu, akashika vijiti, akaniangalia.

"Sasa unalia nini?"

"Nakulilia wewe, Fidelis," nikamwambia. "Mbwa wewe. Haya, tangu mwanzo, na safari hii utungoje."