Nizimie Hiyo Taa

Kwenye gereji ile, kuzima taa ya breki kulichukua dakika kumi na mbili, ukijumlisha na kunawa mikono. Unafungua skrubu nne za dashibodi, unaivuta, unaipindua, na kwa kibano kidogo unachomoa balbu iliyo nyuma ya herufi tatu, ABS. Balbu inatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Gari likiwashwa, taa haiwaki tena. Mteja anashukuru na kuondoka.

Hakuna aliyeuita huo udanganyifu. Neno lenyewe, kuzima, lilitoka kwa wateja. Hawakusema "nitengenezee breki". Walisema "fundi, nizimie hiyo taa," na mwenye gereji alikuwa mtu wa kutimiza maneno ya watu kama yalivyo. Walimwita Bwana Koti, kwa sababu alivaa koti la ngozi hata kwenye jua la saa saba mchana. Kopo la balbu lilikuwa limeshajaa kupita nusu.

Kazi hiyo aliifanya mwenyewe miaka mingi. Kisha macho yakachoka, balbu zikawa zinamponyoka, na Jumatatu moja akamkabidhi kibano fundi breki wake, mwanamume wa miaka hamsini na mbili ambaye hadi siku hiyo alishughulika na pedi na mabomba tu. Gari la kwanza lilikuwa la mkunga mstaafu aliyekaa juu ya mteremko: gari dogo la bluu, la miaka ishirini na sita, safi kama sahani. Fundi alichomoa balbu, akasema tayari. Mama mkunga alimshukuru na kumwombea mikono isiyochoka.

Jumanne taa iliwaka mgongoni mwa fundi, katikati ya mabega, pale ambapo mkono haufiki ukitokea juu wala ukitokea chini. Hakujua. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, binti yake aliolewa mbali na alipiga simu Jumapili tu, na mtu anayeishi hivyo anaweza kutembea na jambo mgongoni siku nyingi bila kuambiwa. Aliona tu kwamba akikaa mezani jioni, kivuli chake kilikaa ukutani mbele yake, kikubwa, kikipeleka kijiko mdomoni pamoja naye. Alikizoea upesi. Siku ya tatu alijikuta amekisogezea kikombe.

Ijumaa, muuza duka aliyekuwa akimpimia sukari alimwambia taa yake ya nyuma inawaka, kwa sauti ya kumwambia mtu kola yake imekunjika. Fundi alishukuru. Nyumbani alivua shati, akageuzia mgongo kioo cha kabati, akainua kioo cha kunyolea, akaona chini ya ngozi duara la rangi ya chungwa lenye herufi tatu. Haikuwa na joto wala haikuuma. Alijua imetoka kwenye gari gani, maana alikuwa amechomoa balbu moja tu maishani mwake.

Jumamosi asubuhi alimweleza Bwana Koti. Bwana Koti alifunga mlango wa ofisi, akageuka, akainua koti. Mgongo wake ulikuwa umejaa taa kuanzia shingoni hadi kiunoni, nyingine zimepandana, na ofisi nzima ikawa ya rangi ya chungwa mpaka kalenda. Kisha akalishusha.

"Utazoea," alisema. "La kwako liko kwenye msumari. Funika kombe mwanaharamu apite."

Koti lilikuwa jipya, la kipimo chake hasa. Fundi alilipapasa mkono akaona ni ngozi nzuri. Lakini mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya, na yeye alijua jambo ambalo mama mkunga hakulijua. Taa ile ikiwaka, gari linasema kwamba ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, imejitoa kazini. Breki za kawaida zinabaki, na barabara ikiwa kavu hutaona tofauti. Kwenye maji, ukikanyaga kwa nguvu, tairi zinajifunga, gari linateleza kama sabuni, na usukani unabaki kuwa pambo tu mikononi mwako. Chini ya mteremko wa mama mkunga palikuwa na kivuko cha watoto wa shule. Fundi aliliacha koti kwenye msumari.

Alimkuta mama mkunga akianua nguo. Alimweleza yote akiwa amesimama, na mama hakuacha kukunja.

"Nilikuambia unizimie taa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nawe ukaizima."

"Ndiyo, mama."

Alimaliza shuka aliyokuwa ameishika. "Miaka thelathini na moja watu wameniambia, mkunga, mnyamazishe huyo mtoto. Sikumziba mdomo hata mmoja."

Fundi aliona aibu, na aliona kwamba aibu hiyo ni haki yake. Aliomba ufunguo wa gari.

Magari ya siku hizi huunganishwa na kompyuta. Gari la umri ule husema lenyewe, kwa kupepesa taa. Fundi alifungua boneti, akaunganisha matundu mawili ya plagi ya kupimia kwa kipande cha waya, na taa ikaanza kupepesa, ila ilipepesa mgongoni mwake. Kinyozi hajinyoi. Ilibidi avue shati, ainame juu ya injini, amwombe mama mkunga amsomee.

Mama mkunga alikwenda ndani akatoka na saa yake ya kazini, ile ya kubanwa kifuani, akaweka kiganja mgongoni mwa fundi kama alivyozoea kuweka kwenye matumbo ya wajawazito. Kiganja kilikuwa kikavu na cha baridi. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyemgusa fundi mgongoni, na ilimbidi aume meno asije akalia juu ya betri.

"Pumua taratibu," mama alisema. "Tatu. Kimya. Nne. Tatu. Kimya. Nne."

Thelathini na nne, kwenye kitabu cha gari, ilikuwa tairi ya nyuma kushoto. Fundi alipiga jeki na kuitoa. Akaipima sensa, kile kifaa kinachohisi mwendo wa tairi, kwa mita ya umeme, akaikuta nzima. Akazungusha ekseli kwa mkono: mshale wa mita ulicheza vizuri, ukaanguka, ukacheza tena, na kila mzunguko ulianguka mahali pale pale. Basi akapiga chaki kwenye pete ya meno, ile ambayo sensa huisoma ili kujua tairi inakwenda kasi gani, akaanza kuhesabu jino mojamoja, na mama mkunga naye akihesabu upande wake. Wote wawili walipata arobaini na nne. Meno yalitimia, ila kati ya la kumi na tisa na la ishirini kulikuwa na ufa mwembamba uliojaa kutu, na kila ilipofika hapo sensa ilidhani tairi imesita.

Pete nzima aliitoa Jumapili kwenye gari bovu la aina hiyo lililolala nyuma ya gereji. Binti yake alipopiga simu, fundi alimwambia kwa mara ya kwanza kwamba hana nafasi. Alibadilisha pete, akarudisha balbu mahali pake, akageuza ufunguo. Taa ya dashibodi iliwaka, ikakaa sekunde tatu, ikazimika yenyewe, kama taa nzima inavyotakiwa. Ya mgongoni ilizimika pia. Mama mkunga ndiye aliyemwambia.

Alasiri mvua ilinyesha. Walishuka mteremko pamoja, mama akiendesha, na kwenye kivuko kitupu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama limenyooka, kabla ya mistari myeupe.

"Breki imetetemeka mguuni," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

Waliporudi alimpa shati lake, alilokuwa amelishona kifungo. "Ikiwaka tena," alisema, "njoo nikusomee."

Jioni ile fundi alikula chini ya taa ya darini, ambayo iliangusha kivuli chake chini ya kiti. Ukuta ulikuwa mtupu. Hakuwa amejua kwamba chumba kile ni kikubwa hivyo.

Jumanne alikuja baba mmoja mwenye haraka, na kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kulikuwa na viti viwili vya watoto, kimoja kikiwa na sungura wa kitambaa. "Fundi, nizimie hiyo taa," alisema.

Fundi alikuwa ameshaandaa maneno. Kwamba taa si ugonjwa. Kwamba ampe siku moja tu, ahesabu meno. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa tayari mdomoni. Bwana Koti alimnyooshea kibano. Fundi alimwangalia yule sungura, kisha akaufikiria ukuta wake, na kile kiganja kikavu, na upweke ukamzidi nguvu. Ilichukua dakika kumi na mbili, ukijumlisha na kunawa mikono. Bwana Koti alimwonyesha koti kwenye msumari, fundi akasema halihitaji.

Jumatano jioni muuza duka alimwambia inawaka, akajibu kwamba anajua. Alipanda mteremko kwa miguu katika mvua, taratibu, na magari yaliyokuwa nyuma yake yalipunguza mwendo. Mama mkunga alifungua mlango, akamwambia aingie, avue shati, ageuke. Akaweka saa mezani na kiganja mahali pake. Akasubiri ipepese.

"Haipepesi," alisema mama. "Imewaka tu. Bila gari siwezi kukusomea. Gari liko wapi?"

Fundi alisema limeshaondoka.

"La nani?"

Alisema ni la baba mmoja, ana watoto wawili.

"Unajua wanakokaa?"

"Sijui, mama."

Mama mkunga aliondoa kiganja, akamrudishia shati, akaenda kufunga dirisha, maana mvua ilikuwa imezidi na maji yalianza kuingia ndani.