Mashine Aliyonichagulia Baba

"Nani alikuchagulia hii?"

Bibi Matilda, msimamizi wa mtihani wetu, aliuliza hivyo ameinama, mikono magotini, anaitazama mashine yangu pale chini kama mtu anayetazama mzoga barabarani. Nilikuwa nahema. Jasho limeniingia machoni, mikono inatetemeka kama ya mtu aliyelala na pombe ya ulanzi, na mbele yangu ile mashine ya taipu, nyeusi, chuma kitupu, imekaa kwenye vumbi la Iringa, haina habari na mtu.

"Baba," nikasema.

"Baba yako anajua kusoma?"

"Hajui kusoma. Anajua uzito."

Wenzangu wakacheka. Tulikuwa sita tunaogombea nafasi tatu, na wale watano walikuwa na mashine za mkononi, zile zinazokaa ndani ya kasha lenye kishikio, unatembea nayo kama umetumwa mkate. Nikacheka na mimi, maana ukichekwa na watu watano, usipocheka utalia. Nilichosema wala sikukisikia. Maneno yalitoka tu. Nilikuja kuyasikia siku mbili baadaye, peke yangu, katikati ya mbuga, na nikayasikia vizuri sana.

Ngoja nianzie nyuma, msije mkasema huyu kijana ana nongwa tu.

Baba yangu, mzee Ngolo, alitoka Usukumani na ng'ombe wake kwa miguu mpaka bonde la Usangu, mimi nikiwa darasa la pili. Kama ni shule, yeye shule yake ilikuwa ng'ombe. Mnadani watu walikuwa wanamfuata: Mzee, hebu tutazamie huyu. Anaweka kiganja kwenye nyonga, anasukuma kidogo, anarudi nyuma hatua mbili, anakutajia nyama itakayotoka. Wakichinja, wakipima, ni hivyo hivyo. Hajawahi kukosea. Lishikeni hilo neno. Hajawahi kukosea.

Tulikuwa wavulana wawili. Kaka yangu Malimi alipanda baiskeli yake mwaka sabini, akasema anakwenda Mbeya kununua sabuni. Sabuni mpaka leo. Mara tunasikia yuko Dar, mara Tanga, mara ameoa. Nikabaki mimi, Budeba, na ng'ombe ambao hata kuwahesabu ni mkosi.

Mwaka sabini na tano nikamaliza Fomu Foo. Kuchapa nilijifunzia shuleni, ofisini kwa karani, jioni wenzangu wakicheza mpira. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Nyumbani nikakaa miezi nachunga, fimbo begani, kichwa kinawaka moto. Nilikuwa naamka asubuhi naitazama ile mbuga, tambarare, haina mwisho, nasema moyoni: ndiyo hii? Hesabu zote zile, jiografia yote ile, ndiyo nije nitazame mikia?

Halafu barua ikaja. Ofisi moja Iringa, jina siitaji, ilikuwa inatafuta vijana wa kuwafundisha ukarani wa kuzunguka. Asubuhi uko darasani, mchana unakwenda vijijini kwa miguu, unakaa kwenye mkutano, unachapa kumbukumbu palepale, unarudi. Miezi tisa, halafu kazi. Na barua ilisema wazi: mwombaji aje na mashine yake ya kuchapa, nyepesi, ya kubeba mkononi.

Nilimkuta baba nje ya zizi anatoboa gogo. Tulikuwa na dume mmoja mwekundu, kijana bado, hakai na wenzake. Ukigeuza macho tu yuko kwenye mpunga wa watu. Dawa yake ni gogo. Unalitoboa, unalipitisha kamba, unamvika shingoni, linaning'inia mpaka magotini. Akitembea polepole, hakuna neno. Akikimbia, linampiga.

Nikamsomea barua.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nilipofika kwenye "nyepesi", akaacha kutoboa.

"Nyepesi ya nini?"

"Ya kutembea nayo, baba. Mbali."

"Mbali," akasema. Akapuliza unga wa mti uliokuwa kwenye tundu, akaendelea na kazi yake.

Wiki iliyofuata akapeleka dume mnadani, siyo yule mwekundu, mwingine, mkubwa, mpole, na hakuniambia kitu. Kesho yake akanigonga begani kwa fimbo: "Vaa. Tunakwenda Mbeya." Jamani! Nilivaa suruali yangu ya bugaluu na shati la kola ndefu. Ndani ya basi nilikuwa namtazama baba pembeni yangu, kofia yake, koti lake la mnadani, nikajisemea: huyu mzee nilimwonea. Nilimpenda siku ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Fundi alikuwa Iyunga, ukivuka barabara kuu. Andendekisye. Redio, saa, cherehani, kila kitu kinapita mikononi mwake, na mdomo wake haufungwi.

"Ugonile, mzee! Karibu, karibu. Kijana anataka kuwa bwana mkubwa?"

Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sista mmoja wa hospitali aliyerudi kwao Ulaya. Ya kijani, kijani cha mpunga unapoanza kutoka majini. Akaifungua kwenye kasha lake, nikaipakata. Kwenye mapaja, jamani, siyo mezani! Nikaandika jina langu. Herufi zikashuka kwenye karatasi kama mvua ya kwanza kwenye bati, na mwisho wa mstari kakengele kakalia, ting, kadogo, kana adabu. Nikaifunga, nikatoka nayo mpaka barabarani, nikarudi. Mkono haukujua kama umebeba kitu.

"Ni hii, baba."

Baba akainyanyua kwa vidole viwili. Akaitikisa karibu na sikio. Akaiweka chini.

Ya pili ilikuwa pembeni, imewekewa mkebe wa misumari juu yake. Nyeusi, ya ofisini, ya zamani za wakoloni huko. Baba akautoa ule mkebe. Akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akasukuma kidogo. Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akainama, akaikumbatia, akaipandisha mpaka begani, akasimama nayo pale, shingo imenyooka.

"Hii," akasema.

"Mzee wangu," Andendekisye akacheka, "hizi hatuuzi kwa kilo. Siyo buchani hapa."

"Ng'ombe mwepesi ana minyoo."

Watu waliokaa barazani wakaangua kicheko. Fundi akanitazama mimi, akaitazama ile nyeusi iliyomlalia dukani miaka miwili, na nikaona kabisa uso wake unabadilika.

"Ila mzee ana jicho," akasema. "Kweli. Hii haifi. Hii utamwachia mjukuu."

Mshenzi yule.

"Baba," nikasema, "barua imesema..."

"Barua nimeisikia. Mara mbili."

Basi. Kwetu ng'ombe akishauzwa, aliyemfuga ndiye anayesema, mtoto anashika kamba. Mbele za watu huwezi kubishana na mzee juu ya kilichotoka kwa ng'ombe wake. Nilinyamaza. Nilinyamaza! Miaka kumi na moja ya shule, mdomo ninao, kaya nzima mimi ndiye niliyesoma ile barua, na nikasimama pale na bugaluu langu kama kigingi. Ile ya kijani Andendekisye akairudisha kwenye rafu, akaipangusa kwa mkono wa shati.

Safari ya Iringa mashine ilipanda juu ya basi. Pale Nyololo utingo alikwea kupanga mizigo, nikamsikia anapiga kelele kule juu: "Nani amebeba injini?" Basi zima likacheka. Nikaangalia dirishani.

Sasa mtihani wenyewe ulikuwa kutembea. Walitushusha chini kabisa, barabara kuu, kabla ya mlima, wakasema pandeni mpaka mjini na mashine zenu. Ukifika unakaa chini, Bibi Matilda anasoma kumbukumbu za mkutano, unachapa ukurasa mmoja. Hakuna kupumzika, kwa sababu kijijini mkutano haumsubiri mtu.

Mmeshaupanda mlima ule wa Iringa? Mikono mitupu tu unakutoa ulimi. Mimi niliiweka kichwani, ikanikata. Nikaiweka begani, ikaniingia kwenye mfupa. Nikaikumbatia, magoti yakawa yanaigonga kila hatua. Kijana mmoja wa palepale, Crispin, alinipita na kasha lake mkononi anapiga mluzi, halafu akarudi nyuma.

"Kaka, nikusaidie? Tubadilishane kidogo."

"Shika njia yako."

Alikuwa hana ubaya. Lakini mtu ukiwa na hasira unamng'ata hata anayekupa maji.

Nilifika wa mwisho, wenzangu wameshatulia. Bibi Matilda akaniangalia, akaanza kusoma. Akili ilikuwa inasikia kila neno. Vidole ndiyo havikuwa vyangu. Nataka herufi moja, vinaangukia tatu. Neno "mkutano" nililichapa likawa kama kikohozi. Niliona karatasi yangu inaharibika mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari, na kengele ya ile mashine, kubwa, ya kishamba, inalia kila mwisho wa mstari kama inashangilia.

Ndipo akaniuliza lile swali, na mimi nikajibu nilivyojibu. Kicheko kilipoisha akanivuta pembeni.

"Kiswahili chako kizuri kuliko cha wote hawa," akasema. "Nimesoma maombi yako. Ila hapa hatuna gari la ng'ombe la kukubeba. Jaribu mwakani, kama mafunzo yatakuwepo tena." Akanishika mkono. "Pole, mwanangu."

Afadhali angenitukana.

Nilishuka basi Igurusi, nikashika njia ya mbugani na ile takataka begani. Kuitupa siwezi, ni bei ya dume mzima. Natembea hatua mia, naitua. Hatua mia, naitua. Jua la saa saba. Nilipokaribia kwetu nikawaona ng'ombe, na mbele yao yule dume mwekundu. Alikuwa ameinua kichwa. Kule mbele kulikuwa na mpunga wa watu, kijani, unang'aa. Akaanza kutembea, akanyoosha shingo, akatoka mbio. Gogo likampiga magoti: paa, paa. Akasimama. Akatikisa masikio, akainamisha kichwa, akala majani makavu yaliyokuwa palepale miguuni pake.

Niliitua mashine. Nikakaa juu yake.

Hajui kusoma. Anajua uzito.

Siku zote hizo nilikuwa nalaani ujinga wa mzee. Nilishamtungia hata sababu: mtu wa porini, ameona chuma kingi, akadhani ndiyo thamani. Na ile hasira ya kwanza, nawaambia, ilikuwa tamu, kwa sababu mjinga unaweza kumsamehe. Kumbe mtu anayekwambia nyama ya ng'ombe aliye hai, mtu ambaye hajawahi kukosea, alipoweka kiganja chake pale kwa fundi alijua. Alijua mpaka hatua nitakayochokea.

Nilimkuta zizini anasokota kamba.

"Ulijua," nikasema. Hata kumwamkia sikumwamkia.

Akanitazama mabega, palipochubuka. "Maji yapo mtungini."

"Baba, ulijua!"

Nilikuwa sijawahi kumpazia sauti maishani. Mama akatoka jikoni na mwiko wake mkononi, akasimama mlangoni. Baba akaendelea kusokota. Akafika mwisho wa kamba, akafunga fundo, akalivuta kulijaribu.

"Malimi nilimnunulia baiskeli," akasema.

Hapakuwa na pole, hapakuwa na sababu nyingine, hakuna cha nisamehe mwanangu. Mama akarudi ndani.

Mtaniambia kwamba ni mzee, aliogopa, mumhurumie. Mhurumieni nyinyi. Mtoto siyo dume. Mimi sikwenda kwenye mpunga wa mtu. Na Malimi naye, hata angepewa kinu cha kutwangia angekipakia nyuma akaondoka nacho. Sasa hivi niko Mafinga, kiwanda cha mbao, naandika idadi ya magogo yanayoingia na mbao zinazotoka, kwa peni, na haya nayaandika nyuma ya karatasi zilezile, adhuhuri, wenzangu wanakula. Crispin nilimwona mwaka jana anashuka kwenye Landrova, amenenepa. Alinisalimia vizuri tu. "Kamwene, kaka." Nikaitika.

Baada ya maneno yale, nyumbani nilikaa siku nne. Ya tano nikafunga nguo zangu kwenye kitambaa, nikamuaga mama, nikashika njia. Mashine niliiacha pale ilipokuwa, mlangoni.

Sikwenda mbali nikasikia hatua. Nikageuka. Baba alikuwa anakuja, na mashine begani.

Sikumsubiri. Hakuniita. Tulitembea hivyo mpaka Igurusi, saa tatu nzima, mimi mbele, yeye nyuma, na katika saa zile tatu sikusikia hata mara moja kile chuma kinagusa ardhi. Basi lilipokuja akasogea mpaka mlangoni.

"Panda nayo," akasema. Jasho lilikuwa linamchuruzika kutoka chini ya kofia.

Kondakta akaangalia ule mzigo, akaniangalia mimi. "Huo unapanda na wewe?"

"Siyo wangu," nikasema.

Nikapanda. Nilipata kiti cha nyuma. Basi likaondoka, vumbi likanyanyuka, nikaapa sigeuki. Tulipofika mwanzo wa kona nikageuka.

Alikuwa palepale kandokando ya barabara, shingo imenyooka. Alikuwa hajaitua.